Cheti Kisichosema: Watu wa RH wa Bunia na Kujifunza kwa Pamoja

Mfanyakazi anapoacha kazi nchini Kongo, au anapoachishwa, mwajiri ana siku mbili za kazi za kumkabidhi cheti. Cheti hicho kinataja kazi aliyoifanya, tarehe aliyoanza, tarehe aliyomaliza na namba yake ya hifadhi ya jamii. Basi. Sheria ya Kazi namba 015/2002, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inakataza kuongeza maelezo mengine yoyote. Aliyefukuzwa kwa kuuza mafuta ya jenereta na aliyemaliza mkataba wake kwa heshima wanatoka getini na karatasi za aina moja.

Katazo hilo lina busara yake. Linamkinga mfanyakazi na bosi mwenye kinyongo, ambaye kwa mstari mmoja angeweza kumfungia milango ya mji mzima. Na katika jimbo la Ituri, mashariki mwa Kongo, ambako tangu vita vya 1999 hadi 2003 jina la mtu, kwa kuwa hutaja kabila lake, linaweza kumtangulia ofisini na kumhukumu kabla hajafika, kinga kama hiyo si ya kuchezewa. Lakini mtu wa RH, kama tunavyowaita hapa wasimamizi wa rasilimali watu, anapokipokea cheti hicho katika ofisi nyingine, anabaki na swali ambalo karatasi haiwezi kulijibu. Huyu ninayetaka kumkabidhi gari, ghala la chakula au kituo cha wasichana waliokimbia vita, aliondokaje alikotoka? Anayejua ni mwenzake wa ofisi ya kwanza. Kama hawafahamiani, au hawajakubaliana ni nini kinaruhusiwa kuulizwa na kwa njia gani, swali halitaulizwa kabisa. Au litaulizwa kwa simu ya harakaharaka, na jibu litakuwa uvumi.

Vikundi vya kujifunza vya wanataaluma vimekuwa kifungu cha kawaida katika maandiko ya miradi ya mashariki mwa Kongo. Unavikuta kuelekea mwisho, chini ya kichwa cha kujenga uwezo, pamoja na bajeti ya ukumbi na chai. Nimekuja kuamini kwamba kwa watu wa RH wa Bunia vikundi hivi ni sehemu ya kazi yenyewe, tena sehemu yake ngumu, kwa sababu mambo mazito kuliko yote katika kazi hii hayamaliziki ndani ya ofisi moja. Ndiyo maana inauma kuona jinsi vinavyoundwa na jinsi vinavyokufa.

Bunia ni mji wa mikataba mifupi. Tangu katikati ya mwaka 2003, wakati jeshi la Umoja wa Ulaya lilipotua chini ya operesheni Artemis kuzuia mauaji mjini, mashirika yamekuja, yakaondoka, yakarudi tena. Mwaka 2015 Ituri ikawa jimbo kamili na Bunia makao yake makuu. Mwishoni mwa 2017 mauaji ya wilaya ya Djugu yakaanza upya, na kambi za waliohama zikajaa hadi ndani ya mji wenyewe. Mwaka 2018 ikaja Ebola. Mei 2021 jimbo likawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kila tukio huleta miradi ya miezi sita, tisa au kumi na miwili, na kila mradi huajiri. Anayeajiri mara nyingi ni mtu mmoja katika ofisi nzima. Alisoma sheria, uchumi au ualimu, akaingia RH kwa mlango wa uhasibu au wa logistiki. Mkubwa wake yuko Goma au Kinshasa, na humfikia kwa baruapepe siku mtandao ukikubali. Akikwama juu ya likizo ya uzazi au juu ya dereva aliyegonga mtu, hana chumba cha pili cha kubisha hodi.

Upweke huo una gharama, na Ituri pamoja na Kivu Kaskazini zimewahi kuilipa.

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa mkubwa kuliko mingine yote katika historia ya nchi hii hadi wakati huo: watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa. Ili kuudhibiti, maelfu ya watu waliajiriwa kwa haraka: wanaonawisha watu mikono barabarani, wafuatiliaji wa waliokutana na wagonjwa, wazikaji, wapishi, wafua nguo, madereva, walinzi, wahamasishaji wa mitaa. Septemba 2020 waandishi wa The New Humanitarian na wa Thomson Reuters Foundation walichapisha ushuhuda wa wanawake 51 kutoka mji wa Beni, Kivu Kaskazini, waliosema wanaume wa mashirika ya misaada waliwadai ngono ili wapewe kazi, au waliwaachisha kazi walipokataa. Shirika la Afya Duniani likaunda tume huru. Wenyeviti wenza wake walikuwa Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge, ambaye watu wa Bunia wanamfahamu vizuri: ndiye kiongozi wa SOFEPADI, shirika la wanawake lenye kituo cha matibabu cha Karibuni Wa Mama hapa mjini. Ripoti ya tume ilitoka tarehe 28 Septemba 2021. Ilitaja watuhumiwa 83, na kati yao 21 walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe.

Mengi yameandikwa juu ya aibu hiyo. Mimi nataka kuitazama kwa jicho la mtu wa RH, kwa sababu kwa kiasi kikubwa ni habari ya jinsi watu walivyoajiriwa.

Tazama namna kibarua wa kutwa anavyopatikana. Asubuhi watu wanakusanyika getini. Anatokea mtu mwenye kalamu na karatasi, na karatasi hiyo ina safu nne: namba, jina, simu, sahihi. Pengine ni mtu wa logistiki, pengine msimamizi wa usafi, pengine dereva wa zamani aliyepandishwa. Anaandika majina ishirini, waliobaki wanaambiwa warudi kesho. Jioni karatasi inapelekwa ofisini, mtu wa RH anaipokea, anaipiga mhuri na kuiandaa kwa malipo. Kwake ni orodha ya mahudhurio. Kule getini ilikuwa tayari imeamua nani atakula na nani hatakula, na mtu wa RH hakuwepo.

Hapo sheria nayo inaingia, kwa njia ambayo walioiandika hawakuitarajia. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi kinasema kibarua wa kutwa akiwa amefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake mpya unahesabiwa kuwa wa muda usio na ukomo. Nia yake ni nzuri kabisa: mtu asitumikishwe mwaka mzima kwa mshahara wa siku moja moja. Lakini ofisi inayoogopa kubeba wafanyakazi wa kudumu huwa na njia ya mkato inayojulikana. Inawazungusha watu. Kundi hili likikaribia siku 22 linapumzishwa, linaingizwa lingine. Katika andiko la mradi mzunguko huo hata huitwa kugawana nafasi kwa usawa, na wakati mwingine kweli familia nyingi zaidi zinapata chochote. Lakini kila mzunguko ni uchaguzi mpya. Kila uchaguzi mpya unamrudisha yule mwenye kalamu getini, na kila anaporudi, mama mwenye watoto wanne anaulizwa tena atatoa nini. Sheria iliyokusudiwa kumlinda, ikikwepwa kwa namna hiyo, inazidisha mara anazosimama mbele ya mtu anayeweza kumdai.

Hakuna ofisi moja inayoweza kulimaliza hilo. Ikianza peke yake kuchagua vibarua kwa kura ya bahati mbele ya watu, kama baadhi ya miradi ya kazi za mikono inavyofanya, wasimamizi wa getini wanahamia kwa jirani. Ikimfukuza msimamizi aliyethibitika kudai ngono, anaondoka na cheti chake safi, na wiki ijayo yuko mtaa wa pili. Watu wa RH wa mji mmoja wanahitaji kuwa na utaratibu mmoja. Hilo ndilo somo ambalo kikundi cha kujifunza kingepaswa kulikalia miezi mitatu, minne, hata mwaka.

Badala yake, mambo huwa hivi. Mradi unapata fedha za kuimarisha wanataaluma. Unaandaliwa ukumbi wa hoteli, siku mbili. Mwezeshaji anatoka nje ya jimbo na slaidi zake juu ya uongozi wa mabadiliko. Siku ya pili alasiri, kabla ya kugawa posho ya usafiri, unatangazwa mtandao: rais, makamu, katibu, mweka hazina, washauri wawili. Picha ya pamoja inapigwa mbele ya bango. Kundi la WhatsApp linafunguliwa jioni hiyohiyo, na kwa wiki chache lina uhai mkubwa. Kisha ripoti ya mwisho inakwenda kwa mfadhili ikisema washiriki kadhaa walifundishwa na mtandao mmoja uliundwa, mambo ambayo ni kweli tupu. Baada ya miezi sita kundi limebaki na matangazo ya kazi, salamu za Pasaka na rambirambi. Rais amepata kazi Kalemie, mbali na Bunia.

Sipendi kuwalaumu walioandaa. Kiashiria kilidai idadi ya watu, wakaleta idadi ya watu. Ila kikundi kilichozaliwa kwa ajili ya picha hakikuwahi kupewa tatizo la kutatua, na watu wazima wenye kazi nyingi hawawezi kuendelea kukutana bila tatizo la kutatua.

Wazo lenyewe la kujifunza kwa pamoja lina mizizi katika karakana ya Kiafrika, na ninatamani wanaoandika miradi wangelijua hilo. Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani, alikaa na mafundi cherehani wa Kivai na Kigola mjini Monrovia, Liberia, miaka ya 1970. Aliona kwamba mwanagenzi hakuanza na kukata kitambaa. Alianza na vifungo na pindo, akiwa na nguo iliyokamilika mikononi, kwa hiyo aliijua nguo nzima kabla ya kuijua sindano vizuri. Kushona kulifuata. Kukata kulikuja mwishoni, kwa sababu ukikosea kukata umeharibu kitambaa cha mteja. Mwaka 1991 Lave na Etienne Wenger waliandika kitabu juu ya kujifunza kwa namna hiyo, na fikra ya jumuiya ya wanataaluma wanaofundishana kwa kufanya kazi ikasambaa duniani. Ikarudi Afrika ikiwa kwenye slaidi, bila mafundi.

Kujiunga na kikundi cha RH Bunia kungeweza kufuata njia ya pindo. Msaidizi mpya, aliyetoka Chuo Kikuu cha Bunia mwaka jana na mwenye haya ya kuzungumza mbele ya wakuu wa idara, asiketishwe nyuma kusikiliza. Apewe kazi ndogo ya kweli. Aandae jedwali la makato ya mshahara ambalo ofisi zote zitalitumia: asilimia 5 ya hifadhi ya jamii inayotoka kwa mfanyakazi, asilimia 13 inayolipwa na mwajiri, kodi ya mapato ya ajira, tarehe za mwisho za kupeleka matamko. Jedwali hilo likikosewa, kuna wenzake kumi wa kulirekebisha kabla halijaumiza mtu. Likiwa sahihi, jina lake linajulikana kwa kazi, na kikao kijacho atauliza swali bila kuogopa. Nimeona vijana wengi wakipotea katika vikundi kwa sababu tu waliingizwa kama hadhira.

Na anayejiunga aje na jambo lake. Hili naliona kuwa muhimu kuliko ada ya uanachama. Aje na kesi inayomkosesha usingizi, akiwa ameondoa majina: mlinzi anayedai saa za ziada za miaka mitatu, mjamzito ambaye mradi wake unaisha kabla hajajifungua, diwani anayeshinikiza vijana wa mtaa wake wachukuliwe kwanza. Hiyo ya mwisho Bunia inaijua kwa undani. Vijana wanalalamika kwamba kazi nzuri zinaenda kwa watu wa Goma, Bukavu au Kinshasa. Ndani ya jimbo lenyewe, Wahema, Walendu, Waalur, Wabira, Wanande na wengine kila mmoja huhesabu majina ya wenzake katika orodha ya waliopita mtihani. Ofisi ikiajiri watu watano wa kabila moja, hata kama walistahili wote, kuna siku gari lake litakataliwa kupita kijiji fulani. Mtu wa RH anayebeba uzito huo peke yake huishia ama kuogopa ama kuwa mkaidi. Akikaa na wenzake wa makabila tofauti, wakasoma pamoja karatasi za mtihani zilizofutwa majina na kulinganisha alama walizotoa, anaondoka na kitu cha kujitetea nacho.

Kuongoza kikundi cha namna hiyo ni kazi ya unyeti mkubwa, na sababu yake moja huwa haitajwi: watu wa RH wa Bunia nao wako kwenye mikataba mifupi. Anayeketi karibu nawe leo kama mwenzako, Juni atakuwa mtahiniwa wako, au wewe utakuwa wake. Kikundi kinaweza kugeuka soko la kazi bila mtu yeyote kukusudia. Na yupo atakayeombwa, kwa sauti ya kirafiki tu, kudokeza maswali ya mtihani. Kiongozi asipoweka mwiko mapema, imani inavuja. Ninachoona kinasaidia ni kanuni chache zinazorudiwa kila kikao mpaka zichoshe: matangazo ya kazi hayaletwi mezani, aliyeomba kazi katika ofisi ya mwanachama anamwambia mwenyekiti na kukaa nje ya mjadala unaoihusu ofisi hiyo, kesi haitoki chumbani, mishahara inazungumzwa kwa madaraja, kamwe si kwa majina.

Kuna pia suala la nani aitishe vikao. Shirika kubwa likishika kiti, vikao vinakuwa vya kuripoti. Wasemaji wanapima maneno kwa sababu anayeandika muhtasari ndiye anayegawa fedha. Mashirika madogo ya wenyeji, yale ya parokia, ya vyama vya kina mama, ya vijana wa Mudzipela au Nyakasanza, huja mara moja, husikia lugha ya mifumo ya kompyuta ambayo hayana, na hayarudi. Ndiyo maana mwenyeji abadilike kila mara, na mara nyingine kikao kifanyikie katika ofisi ndogo yenye benchi na ubao. Saa nayo ina maana. Kikao cha saa kumi na moja jioni kinawaacha nje kina mama na wanaoishi mbali, kwani giza la Bunia si la kutembea ndani yake. Saa nane mchana, saa moja na nusu ya mazungumzo, watu warudi makwao na mwanga.

Kazi kubwa ya kiongozi, hata hivyo, iko kati ya kikao na kikao. Ni kumpigia simu aliyeleta kesi mwezi uliopita na kumwuliza iliishaje. Ni kuandika majibu ya kikundi katika daftari moja linalohamishwa, ili rais anayekwenda Kalemie asiondoke na akili ya kikundi kwenye simu yake. Ni kumwendea mkaguzi wa kazi wa jimbo na kumkaribisha aje kufundisha, maana wengi humwona tu siku ya mgogoro, akiwa hakimu wao. Kazi hizi hazina picha wala kiashiria. Mfadhili anayetaka kweli kusaidia angelipa muda wa mtu mmoja siku mbili kwa mwezi kwa miaka mitatu, na kuacha ukumbi wa hoteli.

Nchi nyingine zilipitia njia zao. Mwaka 1913 mjini York, Uingereza, kikundi kidogo cha maofisa wa ustawi wa viwandani, wengi wao wanawake, kilianzisha chama ambacho leo ndicho taasisi ya taaluma hii huko. Kenya ilikwenda kwa sheria: tangu 2012 ina sheria maalumu ya wataalamu wa usimamizi wa rasilimali watu, na anayefanya kazi hiyo anatakiwa kuwa na leseni. Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wapo wanaotamani tuige mara moja. Mimi ningesubiri. Leseni humpa mtu heshima kisheria, lakini haimpi mtu wa kumpigia simu saa tatu asubuhi.

Simu hiyo ilihitajika sana mwanzoni mwa 2025. Tarehe 20 Januari rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku chache baadaye miradi ikaamriwa kusitisha kazi. Mwaka uliotangulia Marekani ilikuwa imelipia takriban asilimia 70 ya shughuli za kibinadamu nchini Kongo. Tarehe 27 Januari waasi wa M23 wakaingia Goma, benki za huko zikafungwa, na ofisi za uratibu ambazo watu wa RH wa Bunia walizizoea kuuliza zikatawanyika. Mfadhili amekata, mkubwa hapatikani, na mlangoni kuna wafanyakazi wanaotaka kujua haki zao.

Chukua watu wawili wa ofisi moja. Wa kwanza ana mkataba usio na ukomo na miaka mitano kamili ya kazi. Sheria inampa notisi isiyopungua siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka kamili: 14 na 35, jumla siku 49 za kazi, pamoja na likizo ambayo hajaichukua. Wa pili ana mkataba wa mwaka mmoja ulioanza tarehe 1 Oktoba 2024. Mkataba wake ukivunjwa mwisho wa Februari bila sababu inayokubalika kisheria, fidia yake ni mishahara na marupurupu ya miezi saba iliyobaki. Anayedhaniwa kuwa dhaifu, mwenye mkataba mfupi, kumbe ndiye mwenye dai kubwa. Ofisi nyingi hulijua hilo zikiwa tayari zimeandika barua. Halafu linakuja swali ambalo kila mwajiri alikuwa nalo wiki ileile: je, fedha kukatwa na serikali ya nchi nyingine ni nguvu isiyozuilika, inayomwondolea mwajiri wajibu huo? Ofisi mbili za barabara moja zikijibu tofauti, wafanyakazi wao watalinganisha barua jioni hiyohiyo, na kesi zitafika kwa mkaguzi wa kazi kabla ya Jumatatu. Swali hilo lilidai meza moja, mkaguzi akiwepo na mwanasheria mmoja akilipwa kwa kuchangiana, na jibu moja lililoandikwa. Mji ambao tayari una kikundi kilichozoea kuaminiana huiandaa meza hiyo kwa siku mbili. Usio nacho, kila mmoja anaandika barua yake usiku, peke yake, na anayeumia ni mlinzi na mpishi.

Juu ya cheti kisichosema, njia ipo. Tangu 2019 kuna mpango wa pamoja wa mashirika ya misaada duniani wa kupeana taarifa za utovu wa nidhamu, hasa unyanyasaji wa kijinsia. Mwajiri anawauliza waajiri wa mtu huyo wa miaka mitano iliyopita, kwa fomu, kama uchunguzi uliwahi kumtia hatiani, naye anajibiwa kwa fomu. Tuhuma na maneno ya mtaani hayaandikwi. Mwombaji anajua na amekubali. Utaratibu huo unaheshimu kinga ambayo sheria yetu imeiweka kwenye cheti, kwa sababu unatumia njia nyingine iliyo wazi, na katika Ituri yenye makovu yake hiyo tofauti kati ya uchunguzi na uvumi ni ya kufa na kupona. Lakini ni mpango wa waliotia saini, na mashirika mengi ya wenyeji hayamo. Mengine hayana hata utaratibu wa kuchunguza malalamiko, kwa hiyo yakiulizwa hayana cha kujibu. Kikundi cha Bunia kingeanza hapo: kuyafundisha jinsi ya kupokea lalamiko, kuhoji, kuandika matokeo na kuyahifadhi katika kabati lenye kufuli. Kisha fomu moja ya ukurasa mmoja, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, inayokubalika na ofisi kubwa na ndogo.

Na ningependa kiti kiongezwe kwa watu ambao hadi sasa hawaalikwi kwa kuwa vyeo vyao havina neno RH: wale wa logistiki, wasimamizi wa usafi, wakuu wa walinzi, wanaoshika ile karatasi yenye safu nne asubuhi getini. Wao huajiri majina mengi kuliko sisi. Waje na orodha zao za mwezi uliopita, tuketi nao, tuhesabu nani alichaguliwa mara ngapi, nani aliachwa mara ngapi, na nani aliamua.